Tangi limetoka garaji, limepakwa rangi, na bado linavuja

Tangi la pikipiki likianza kuvuja tena siku chache baada ya kutoka garaji, mamotari wengi wa Goma hurudi kwa fundi yule yule wakiwa na hasira. Fundi anawasha gesi, anabandika doa juu ya doa, anapaka mastiki na rangi, na wiki haiishi kabla harufu ya esansi (petroli) haijarudi. Hasira ni ya haki, maana kila siku tangi linapolala garaji ni siku isiyo na abiria, na mwenye pikipiki bado anangoja hesabu yake. Ila hasira haionyeshi tundu lilipo. Ukilipeleka tangi bila kujua linavujia wapi, unamlipa fundi abahatishe, na mara nyingi esansi haitoki hata pale palipochomelewa.

Esansi hutambaa. Inaweza kutoka kwenye mshono wa nyuma, chini ya kiti, ikafuata ukingo wa tangi hadi mbele, ndipo ikadondokea kichwa cha injini. Anayeliona tone mbele anaapa kwamba tundu liko mbele. Zima injini, iache ipoe kabisa, funga robine (koki ya esansi iliyo chini ya tangi), kausha upande wa chini wa tangi kwa kitambaa, kisha pakaza poda ya mtoto au chaki iliyosagwa. Baada ya nusu saa hivi utaona mstari uliolowa kwenye weupe ule. Ufuate kwenda juu mpaka unapoanzia. Na usikimbilie kuosha pikipiki kabla ya kuangalia: vumbi jeusi la mji huu hugandia palipolowa, kwa hiyo pikipiki chafu mara nyingi imekwisha kukuchorea njia ya esansi yenyewe.

Mshukiwa wa kwanza ni kabureta, na hapo tangi linasingiziwa. Chini ya kabureta kuna mpira mwembamba wa kumwagia esansi iliyozidi. Kama tone linatoka kwenye mpira huo, na ukifunga robine linakoma baada ya dakika chache, tangi lako ni zima. Kilichotokea ni kwamba kazi ya garaji imeangusha vipande vya kutu, masizi ya kuchomelea na unga wa mastiki ndani ya tangi, vimepita robine, vimekaa kwenye sindano ya kabureta, nayo sindano haifungi tena. Fungua bakuli la kabureta, safisha sindano na kikalio chake, angalia kama boya halina esansi ndani yake (litikise karibu na sikio), kisha weka chujio dogo kwenye mpira kati ya robine na kabureta. Chujio hilo lingepaswa kuwekwa siku ile ile tangi linarudi, lakini ni wachache wanaokumbuka.

Wa pili ni robine, na kwa maoni yangu huyu ndiye mkosaji wa kweli kuliko wote. Ili kuchomelea, fundi lazima aifungue. Raba ya robine iliyokaa miaka ndani ya esansi imevimba. Ikitolewa na kuachwa juu ya meza siku mbili, inakauka, inasinyaa, inapasuka nyufa ndogo. Fundi anairudisha ile ile. Akiona inatoa unyevu, anapaka silikoni, ile ya tyubu inayouzwa kila duka la vipuri. Silikoni ya kawaida haiwezani na esansi: inavimba, inakuwa laini, inang'oka vipande, na vipande vinateremka kwenye kabureta. Nunua raba mpya kabla ya kupeleka tangi, umpe fundi mkononi. Ni kitu kidogo sana ukilinganisha na siku moja ya kukosa kazi.

Hata raba mpya haifungi kama mahali inapokaa pamepinda. Moto wa gesi ukipita karibu, bamba la chuma la kushikia robine hujikunja kidogo, na jicho halioni. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kiweke juu ya uso wa robine kwanza, kisha juu ya uso wa tangi, tazama kwa mwanga kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati au pembeni, uso haukai sawa. Ule wa robine unasawazishwa kwa kuusugua taratibu juu ya msasa namba 240 uliotandikwa juu ya kioo hicho hicho. Ule wa tangi ni kazi ya tupa na subira, na tundu lizibwe kwa kitambaa ili unga wa chuma usiingie ndani.

Halafu boliti. Nyingi ni za milimita 6, zinafungwa kwa ufunguo namba 10. Kwenye baadhi ya matangi tundu za boliti zinapenya hadi ndani, kwa hiyo esansi hupita kwenye meno ya boliti yenyewe, na ndiyo sababu kiwandani huwekewa rondela za nailoni au za nyuzi. Garaji inarudisha rondela za chuma, au haziweki kabisa, kisha inakaza kwa nguvu zote mpaka meno yanakatika. Kaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Kama robine imebadilishwa, pima umbali kati ya katikati ya tundu moja na katikati ya tundu la pili: aina mbili zinazokutwa sana ni ya milimita 34 na ya milimita 44, na fundi asiye na subira hutanua tundu kwa tupa ili robine isiyo ya tangi hilo ikae kwa lazima. Itakaa, ila haitafunga.

Pikipiki yenye kipima mafuta ina tundu la pili chini ya tangi, lile la boya la kipimo, lenye raba yake. Yote niliyosema juu ya robine yanahusu hapo pia.

Ukishazimaliza hizo zote na poda bado inaonyesha unyevu kwenye chuma kitupu, basi tundu liko kwenye tangi. Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa, uipitishe polepole juu ya sehemu iliyotengenezwa. Panapokuwa na mastiki nene, sumaku haishiki au inashika kwa unyonge. Hapo ndipo kazi ilipolipuliwa. Mastiki ya magari ni ya kusawazisha sura ya nje. Esansi ikiifikia kutoka ndani, inaifumua taratibu: rangi inafanya malengelenge kwanza, kisha inachubuka, kisha tone linatokea. Tangi lililozibwa hivyo linaweza kushika siku kadhaa na kumdanganya kila mtu, fundi mwenyewe akiwa wa kwanza.

Kwa nini doa la kuchomelea lenyewe linashindwa? Bamba la tangi ni jembamba, mara nyingi milimita moja au pungufu. Kutu ikishatoboa tundu moja, chuma kilicholizunguka kimebaki kama karatasi. Fundi anaziba tundu, moto unakula kando ya doa, na tundu jipya linazaliwa milimita tano kutoka pale. Akitumia umeme na fimbo nene za milimita 3.2, anatoboa kuliko anavyoziba. Dawa ni kukata sehemu yote mbovu mpaka ufikie chuma kinachong'aa pande zote mbili, kisha kuweka kiraka cha bamba jipya la unene ule ule. Kiraka kinaweza kushikwa kwa gesi yenye mdomo mdogo, au kwa shaba njano na boraksi, ambayo hupenya vizuri kwenye ukingo. Kwa vitundu vya sindano tu, kulehemu kwa risasi kunatosha na hakupindi chuma: risasi ya kawaida ya bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, shaba njano inataka karibu 900. Chagueni njia moja tangu mwanzo. Mahali palipowahi kuwekwa risasi, shaba au gundi hapachomeleki tena vizuri kwa chuma mpaka pasagwe pote pawe peupe.

Gundi ya chuma ya tyubu mbili inafaa kwa kitundu kimoja, tangi likiwa tupu na limekauka, rangi ikiwa imesuguliwa mpaka chuma kwa msasa namba 80, na ikiachwa saa 24 bila kuguswa. Ukiipaka juu ya chuma kinachotoa unyevu, unapoteza gundi. Kuna pia sabuni ya mche: ukiwa njiani kutoka Sake na tone limeanza, isugue kwa nguvu juu ya kitundu. Esansi haiyeyushi sabuni, nayo inaweza kukufikisha mjini. Mvua huiyeyusha mara moja, na huku mvua haibishi hodi.

Sasa hatari. Watu wanaogopa tangi lililojaa, kumbe tupu ndilo linaloua. Mvuke wa esansi hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Kwa tangi la lita 12, mililita moja ya esansi iliyobaki, isiyojaza hata nusu ya kizibo cha soda, inatosha kulifikisha kwenye kiwango hicho. Kulimwaga na kulianika juani saa mbili hakusaidii kitu. Tangi lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, litikiswe, limwagwe, lirudiwe mpaka harufu iishe kabisa. Na hata likiwa halinuki, kutu ya ndani imefyonza esansi kama sifongo, na itaiachia moto ukiigusa. Kwa hiyo linapochomelewa lazima liwe na maji: linalazwa kifudifudi, mdomo wa juu umezibwa vizuri chini ya mfuniko (tundu dogo la hewa nalo lizibwe), tundu la robine limeachwa wazi ili mvuke wa maji utoke, na maji yamefika vidole viwili chini ya mahali pa kazi. Hewa inayobaki ni kidogo, na moto hauna cha kulipua. Kuna mafundi wanaoingiza moshi wa pikipiki nyingine ndani ya tangi na kuanza kazi. Wengi wamefanya hivyo na wako hai, lakini moshi wa kabureta iliyoharibika hubeba esansi isiyoungua, na hakuna anayejua ni kiasi gani. Fundi akikataa maji kwa kusema yanampoza chuma, ondoa tangi lako. Kuchelewa kwa kazi kunavumilika.

Na usitoe esansi kwa kuvuta mpira kwa mdomo. Esansi ikiingia mapafuni ni hatari kuliko ikiingia tumboni, ndiyo maana aliyeimeza halazimishwi kutapika bali hupelekwa hospitali. Fungua mpira upande wa kabureta, elekeza kwenye bidoni, subiri.

Doa likishapoa linajaribiwa kabla ya mastiki na kabla ya rangi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Fundi anajaza maji, anakuonyesha chini pakavu, mnapeana mikono. Maji yana ngozi nene kuliko esansi. Kitundu kinachozuia maji kinapitisha esansi bila shida, kwa hiyo jaribio la maji linathibitisha tu kwamba hakuna tundu kubwa. Njia ya kuaminika ni ya chaki na mafuta ya taa. Koroga chaki iliyosagwa kwa maji kidogo iwe kama uji mwepesi, paka nje juu ya doa na eneo la upana wa kiganja kulizunguka, acha ikauke mpaka iwe nyeupe. Tangi likiwa kavu ndani, mimina nusu lita ya mafuta ya taa, liinamishe ili mafuta yalalie doa, na uliache usiku mzima. Mafuta ya taa hupenya nyufa ambazo maji hayazioni. Asubuhi, hata kitundu cha sindano kitakuwa kimeacha doa la manjano kwenye chaki. Pazungushie alama kwa msumari, na fundi aanzie hapo.

Upepo nao unafaa, ila usiwape tangi watu wa kujaza magurudumu. Kompresa inatoa baa (kipimo cha shinikizo la hewa) nyingi, na bamba la tangi halistahimili hata moja bila kuvimba. Pampu ya baiskeli, mikupuo michache ya taratibu, maji ya sabuni juu ya doa, mapovu yakitoka umeona. Isizidi baa 0.2.

Ndani ya tangi ndimo ugonjwa ulimoanzia, na kiraka cha nje hakiuponyi. Kutu ya chini inatoka kwa maji yanayolala chini ya esansi. Huyapati kwa kuangalia. Kinga kikombe cha esansi kutoka robine ikiwa kwenye akiba, ukiitia kwenye chupa inayoonekana, na uiache dakika kumi: maji yatajitenga chini kama tabaka la pili. Esansi ya kadafi, yule muuzaji wa rejareja wa kando ya barabara, inapitia bidoni nyingi na faneli inayonyeshewa, kwa hiyo ikague mara kwa mara, hata kama muuzaji ni ndugu yako. Kutu nyepesi inaondoka kwa siki nyeupe ikijaza tangi saa 24, pamoja na nati ndogo za kutikisa. Hesabu nati unazoingiza na unazotoa. Wapo wanaotumia changarawe nyeusi ya volkano kwa kuwa ni ya bure na ina makali, lakini inasagika, na mchanga wake utautafuta kwenye kabureta miezi. Baada ya siki, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, vijiko viwili kwa lita, kausha upesi, kisha zungushia ndani esansi iliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini. Chuma kilichotoka kwenye siki kikiachwa uchi usiku mmoja kinaota kutu upya.

Kama tundu lilikuwa ufa, karibu na boliti ya nyuma au kwenye masikio ya mbele, tatizo ni mtikisiko. Tangi linakaa juu ya raba mbele na nyuma. Raba hizo zikipotea garaji (na hupotea), chuma kinapigana na chuma kutoka Ndosho mpaka Birere. Barabara nyingi za mitaa hapa ni jiwe la volkano tupu, ukiweka na lile lililotandazwa na volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na hakuna doa linaloshinda mtikisiko huo. Kata raba nene ya tairi kuukuu, iingize mahali pake, na hakikisha tangi linacheza kidogo kwa mkono bila kugonga fremu. Boliti ya nyuma isikazwe kama ya injini.

Kuna uvujaji mwingine unaosumbua watu bure. Ukijaza tangi mpaka shingoni asubuhi ya baridi, halafu ukaegesha juani, esansi inatanuka: lita 12 zikipata joto la nyuzi 17 zaidi huongezeka karibu mililita 200, na hizo zitatokea kwenye mfuniko. Acha vidole viwili chini ya shingo. Na usizibe tundu la hewa la mfuniko kwa kuogopa mvua. Esansi itagoma kushuka, pikipiki itazima kila baada ya kilomita kadhaa, na utaanza kulaumu kabureta.

Wakati tangi linachunguzwa, pikipiki inalala wapi? Kwa ajili ya wezi wengi huiingiza ndani, na nyumba ni ya mbao. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, unatambaa sakafuni mpaka kwenye mbabula au mshumaa ulio chumba cha pili. Tangi linalovuja lisilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Livue, limwage, uliweke nje. Lenyewe ni boliti moja au mbili, mpira wa esansi na waya wa kipimo, na pikipiki isiyo na tangi haimvutii mwizi sana. Karai la mchanga mkavu liwe karibu, kwa sababu maji hueneza moto wa esansi.

Kuhusu malipo, patana na fundi mbele ya mtu: nusu mwanzoni, nusu baada ya jaribio la mafuta ya taa, na mastiki isiguse tangi kabla ya hapo. Fundi mzuri hatachukia. Anayesema rangi imo ndani ya bei na ataipaka leo leo anakuuzia rangi.

Ikiwa mshono wote wa chini umeota kutu, au vitundu ni zaidi ya vitatu kwenye upana wa kiganja, usiendelee kutengeneza. Jumlisha kuchomelea, rangi na siku za kukaa bure, mara nyingi utakuta umelipia tangi la mtumba. Unapokwenda kulinunua, beba robine yako mfukoni ujaribishe tundu zake pale pale, beba sumaku, na ubonyeze chini kwa kidole gumba kuanzia nyuma hadi mbele. Chuma kizima kinabaki kimya. Kilicholiwa kinatoa mlio mdogo wa kopo, hata kama rangi yake inang'aa.